Sura ya 4: Begi la Kushukia Pwani

Basi linaloondoka Njombe alfajiri hujaa masweta. Watu wamefunga majaketi hadi shingoni, watoto wamelala mapajani ndani ya mablanketi, na vioo vya madirisha vimebanwa kabisa. Mji huo unakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hata Desemba asubuhi yake inadai nguo nzito. Saa chache baadaye basi linateremka Kitonga na kuingia Ruaha Mbuyuni, ambako wauza vitunguu hukimbilia madirishani, na hapo ndipo vioo vinafunguliwa. Sweta la kwanza linavuliwa, kisha la pili. Likifika Chalinze, mtoto aliyeanza safari ndani ya blanketi amebaki na kaptula, na fulana imemganda mgongoni.

Hii ndiyo likizo ya joto ambayo familia nyingi za kwetu zinaijua. Shule zikifungwa, watoto wa Njombe, Mbeya, Iringa, Arusha na Lushoto hupelekwa kwa shangazi Mbagala, kwa baba mdogo Tanga, kwa kaka aliyepata kazi Unguja. Wengine hukodi chumba Bagamoyo au Paje. Ushauri mwingi wa safari huandikwa kwa ajili ya mtu anayelala hotelini kwenye kiyoyozi. Mimi namwandikia mama anayesafiri na watoto na bibi yao, watakaolala wote chumba kimoja chenye feni moja.

Joto la Dar es Salaam halitishi ukilisikia kwenye taarifa ya hali ya hewa. Majira ya kaskazi, kati ya Desemba na Machi, mchana hufika nyuzi 31 hadi 33. Dodoma nako hufika huko, lakini ukiwa Dodoma unakaa chini ya mti unapata nafuu, na Dar unakaa chini ya mti na bado unalowa. Tofauti inaletwa na unyevu wa hewa. Mwili hujipoza kwa kukausha jasho: kila lita ya jasho inayokauka juu ya ngozi huondoka na joto la karibu kilokalori 580. Lakini ni lazima likauke. Hewa ya pwani wakati wa kaskazi tayari imebeba mvuke mwingi, kwa hiyo jasho halina pa kwenda, linatiririka na kudondoka. Jasho linalodondoka halijapoza kitu. Umepoteza maji, umepoteza chumvi, na joto limebaki palepale ndani.

Mwili unaweza kulizoea joto hili. Ukilizoea, unaanza kutoa jasho mapema, unatoa jasho jingi zaidi, na jasho lenyewe linakuwa na chumvi kidogo. Damu nayo inaongezeka majimaji ili moyo usihangaike. Mabadiliko hayo yanachukua siku 7 hadi 14, na likizo nyingi huisha kabla ya hapo. Maana yake ni kwamba mgeni wa wiki moja anakaa likizo yake yote akiwa na mwili wa Njombe katika hewa ya Mbagala. Mwenyeji wake hawezi kumkumbusha sana kujihadhari, kwa sababu yeye hasikii joto analolisikia mgeni. Atasema leo kuna upepo mzuri, na atakuwa anasema kweli.

Ndiyo maana naona kupakia begi la pwani ni kazi ya afya kabla ya kuwa kazi ya nguo. Vitu vilivyomo vinafanya kazi ambayo mwili haujapata muda wa kujifunza kuifanya, na kazi hiyo huwa kubwa zaidi siku 3 au 4 za mwanzo, wakati kila mtu ana haraka ya kwenda ufukweni.

Anza na begi la mkononi, kwa sababu shida huanzia ndani ya basi. Wasafiri wengi, hasa akina mama na wasichana, hawanywi maji njiani kwa kuogopa kuchimba dawa. Basi halisimami wanapotaka wao, na likisimama ni porini, wanaume wanakwenda upande huu na wanawake wanatafutiwa kichaka upande ule. Kwa hiyo mtu anakaa saa 10 au zaidi na chupa ya maji ambayo haijafunguliwa. Anashuka kituoni akiwa na kichwa kinachogonga na midomo iliyokauka, na ndiyo kwanza anaingia kwenye joto. Anaanza likizo akiwa na deni la maji. Kunywa kidogo kidogo, mafunda mawili matatu kila baada ya muda, tangu mnapoondoka. Mabasi ya njia hii husimama kwenye hoteli za njiani kwa ajili ya chakula, na pale kuna vyoo. Shuka hata kama huna njaa. Kwenye mfuko wa pembeni weka karatasi za chooni, kipande cha sabuni na kanga moja ya kujisitiri, na hofu ya kunywa maji itapungua sana.

Begi hilohilo la mkononi ndilo la kubeba dawa zote, fulana nyepesi ya kubadilisha kwa kila mtoto, na kipimajoto. Dawa zisiende kwenye buti la basi. Mle ndani kuna joto la injini na la barabara, na mzigo ukichelewa au ukishushwa kituo kingine, bibi anabaki bila vidonge vyake vya presha.

Sasa tuje kwenye pakiti ya ORS (unga wa kurudishia mwili maji na chumvi), ambayo kwangu ndiyo kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote begini ukilinganisha na bei yake. Pakiti ya kawaida inayofuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani ina gramu 20.5: glukosi gramu 13.5, chumvi ya mezani 2.6, potasiamu kloridi 1.5 na sitreti 2.9. Imepimwa kwa ajili ya lita 1 kamili ya maji. Kosa linalofanyika sana liko hapohapo. Chupa inayouzwa dirishani ni ya nusu lita, au ni ile kubwa ya lita moja na nusu. Mzazi ana haraka, mtoto ametapika, anamimina pakiti nzima kwenye chupa ya nusu lita na kutikisa. Mchanganyiko unakuwa mkali mara mbili, na badala ya kuupa mwili maji unayavuta yaingie tumboni. Kuharisha kunaweza kuzidi, na chumvi kwenye damu ya mtoto mdogo ikapanda kwa hatari. Ukiimimina pakiti kwenye ile ya lita moja na nusu, mchanganyiko unakuwa mwepesi mno na haufanyi kazi inavyotakiwa.

Fanya hivi kabla hujaondoka nyumbani. Tafuta chupa ya lita 1 yenye mdomo mpana, ioshe vizuri, na uifanye kuwa chupa ya ORS kwa safari yote. Kama huna, chupa mbili za nusu lita zilizojaa, zikimiminwa kwenye jagi pamoja na pakiti moja, ni sawasawa. Soma nyuma ya pakiti pia, kwa sababu zipo ndogo zilizopimwa kwa nusu lita. Yaliyochanganywa yamwagwe baada ya saa 24. Na pakiti zikiisha usiku wa manane, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu bila kilima, vitawafikisha asubuhi. Onja kwanza: yasizidi chumvi ya machozi.

ORS si ya kuharisha tu. Mtu aliyetembea juani Kariakoo tangu saa 4 asubuhi, aliyelowa shati hadi kiunoni, anayesikia misuli ya miguu ikibana, anahitaji chumvi pamoja na maji. Madafu ni matamu na yanafaa kwa kiu ya kawaida, nayapenda, lakini yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo kuliko inayotoka kwenye jasho, kwa hiyo kwa mtu aliyeharisha sana hayachukui nafasi ya pakiti. Soda ndiyo mbaya zaidi, ina sukari nyingi mno. Mtoto anayeharisha apewe pia vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu ya hapo kama hajafikisha miezi 6. Zinki na ORS hupatikana hata duka la dawa muhimu la kijijini, nunua kabla ya kupanda basi.

Mtoto mchanga ana utaratibu wake. Aliye chini ya miezi 6 anayenyonya hahitaji maji ya kunywa hata kwenye joto la Dar. Anahitaji anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama yake anywe maji ya kutosha. Bibi wa nyanda za juu atashangaa, kwa sababu kwao mtoto hufungwa kofia ya sufu, soksi na shali mbili, na hiyo ni busara ya Makete. Pwani mvue. Abaki na nepi na kifulana cha pamba, na asifunikwe uso kwa kanga ndani ya basi au daladala, maana chini ya kanga hewa haizunguki na joto linapanda upesi. Vipele vya joto vikimtoka shingoni na kwapani, dawa yake ya kwanza ni maji ya kawaida, hewa na nguo chache. Losheni ya kalamini inapunguza kuwashwa. Poda usimmiminie, anaivuta puani na kifuani.

Kuhusu nguo nitasema kwa ufupi, kwa kuwa watu wa pwani walishamaliza suala hili karne nyingi zilizopita. Tazama wanachovaa wenyewe nyumbani: dera pana, kanga, kikoi, kanzu nyepesi, kofia iliyotobolewa vitundu vidogo. Vingi ni vya pamba, na vyote vinaacha hewa ipite kati ya nguo na ngozi. Jinzi ibaki nyumbani. Nguo ya polista inayometa inaonekana nyepesi mkononi lakini mwilini inashika jasho. Chupi za pamba ziwe nyingi kuliko unavyodhani, kwa kuwa utabadilisha mara mbili kwa siku, na nguo ya ndani yenye unyevu ndiyo mwanzo wa fangasi wa mapajani. Vaseline kidogo ikipakwa mapajani kabla ya matembezi inazuia michubuko ambayo huwafanya wanene watembee kwa mateso na kuona aibu kusema. Beba shuka jepesi la pamba kwa kila anayelala, kwa kuwa mwenyeji atakupa blanketi zito la wageni, kwa upendo.

Kanga zisipungue tatu. Moja italowekwa na kuwekwa shingoni saa 8 mchana, moja itafungwa dirishani kuzuia jua, moja itatandikwa mchangani. Nguo zilizolowa maji ya bahari ziwekee chombo chenye mfuniko au mfuko mbadala usiopitisha maji, maana mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu Agosti 2017, na anayevuka Horohoro kwenda Mombasa akiwa nayo anajitafutia matatizo.

Usiku ndio sehemu ya safari inayopangwa vibaya zaidi. Wageni wakiwa wengi, watoto hutandikiwa mkeka au godoro sebuleni, na chandarua kinabaki kwenye kitanda cha wakubwa. Watoto hao wametoka mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Miili yao haijawahi kupambana nayo, kwa hiyo ikiwapata inaweza kuwa kali haraka kuliko kwa binamu zao waliolala nao mkeka mmoja. Beba chandarua chenu chenye dawa. Chagua cha mviringo, kinachoning'inizwa sehemu moja tu, na uweke pamoja nacho kamba ya mita 3 na misumari miwili, kwa kuwa ukishafika saa 2 usiku hutapata pa kuvinunua. Kikitundikwa juu ya godoro la chini, ukingo wake ukunjwe chini ya godoro pande zote. Mtoto akilalia ukingoni na mkono ukagusa wavu, mbu atauma kupitia tundu.

Umeme ukikatika feni inazima, na chumba chenye watu watano kinakuwa kizito ndani ya dakika chache. Hapo watu hutoka kulala barazani, nje ya chandarua. Feni ndogo ya kuchaji inatatua shida hii, na kama bei haifikiki, nunua kipepeo cha ukili sokoni na fanyeni zamu. Oga kabla ya kulala, usijikaushe sana, lala ungali na ubichi. Kwa kawaida mwili wa mgeni hupata nafuu yake kubwa usiku, na asipolala usiku mbili mfululizo, joto la mchana wa tatu atalibeba vibaya.

Mbu wa malaria huuma usiku. Yupo mwingine, yule mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, anayezaliana kwenye makopo, matairi na ndoo za maji ya akiba, na kuuma mchana. Huyo anaeneza dengue na chikungunya. Dar es Salaam ilipata milipuko mikubwa ya dengue mwaka 2014 na 2019, na chikungunya ilielezwa kitabibu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanzania. Chandarua cha usiku hakimzuii. Anazuiwa na losheni ya kufukuza mbu yenye DEET asilimia 20 hadi 30, ikipakwa mchana kwenye miguu na mikono, isipokuwa kwa mtoto wa chini ya miezi 2. Ukitumia na losheni ya jua, ya jua inatangulia, ikishakauka ndipo ya mbu.

Habari ya mbu wa mchana inatufikisha kwenye kitu ambacho nakuomba ukitoe begini: diklofenaki. Imo katika mikoba ya wasafiri wengi, inatumika kwa mgongo, kwa jino, kwa kila kitu. Mtu mwenye dengue akiimeza, au akimeza aspirini au ibuprofeni, anaongeza hatari ya kutoka damu. Kwa homa yoyote inayoanza pwani, kabla hujapima, tumia paracetamol peke yake kwa kipimo kinachofaa. Toa pia mabaki ya amoksilini na Flagyl yaliyohifadhiwa tangu ugonjwa wa mwaka jana. Dozi iliyokatwa nusu haiponyi, inafundisha vijidudu kustahimili dawa, na inamchanganya daktari atakayekupokea. Dawa ya kufunga kuharisha nayo mtoto mdogo asipewe.

Wenye maradhi ya kudumu wanapaswa kuonana na daktari wao wiki mbili kabla ya safari. Bibi mwenye presha huenda anatumia dawa inayopunguza maji mwilini, furosemaidi au haidroklorothiazaidi. Nyumbani kwenye baridi inamfaa. Pwani, jasho linaongeza kazi ileile, na anaweza kusikia kizunguzungu akisimama. Asiiache mwenyewe. Daktari ndiye atakayesema kama kipimo kibadilike. Andikeni majina ya dawa zote na vipimo vyake kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, jina la dawa yenyewe na siyo la kampuni tu, na nakala ikae kwa mtu mwingine. Mtoto mwenye selimundu anahitaji uangalizi wa karibu kuliko wote, kwa sababu kupungukiwa maji kunaweza kumwamshia maumivu makali, na kukaa muda mrefu ndani ya maji baridi vilevile. Awe na chupa yake mwenyewe yenye alama, anywe bila kusubiri kiu, atolewe baharini mapema na akaushwe. Dawa yake ya kinga dhidi ya malaria isikatizwe hata siku moja.

Insulini inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa hofu yake huwafanya watu wasisafiri kabisa. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Inayotumika, kwa aina nyingi, inaweza kukaa nje ya friji hadi wiki 4 mradi joto lisizidi kiwango kilichoandikwa kwenye boksi, ambacho mara nyingi ni nyuzi 25 au 30. Dar wakati wa kaskazi inapita hapo. Chukua chupa ya chai, itie maji ya baridi kwa nusu saa, mwaga, ikaushe, kisha weka insulini ndani ikiwa imeviringishwa kitambaa kikavu. Isiguse barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika hata kama inaonekana safi. Ukifika kwa mwenyeji asiye na friji, chungu cha udongo ndani ya chungu kikubwa, mchanga wenye maji katikati na kitambaa kibichi juu, kinapoza kwa kukausha maji. Dodoma kinapoza vizuri sana. Pwani kinapoza kidogo tu, kwa sababu ileile inayozuia jasho lako kukauka, ila kidogo hicho bado ni afadhali kuliko dirisha lenye jua. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotumia joto lililopimwa nyumbani kwa watu katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab nchini Kenya, ambako nyuzi zilikuwa kati ya 25 na 37. Insulini iliyohifadhiwa katika hali hiyo kwa wiki 4 ilibaki na nguvu yake. Mwenye kisukari apate faraja hapo, lakini asiliache boksi ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani joto la mle linapita 37 kwa mbali. Vijiti vya kupimia sukari vibaki kwenye kikopo chake, kifuniko kimekazwa. Unyevu wa pwani unaviharibu, na kipimo kinadanganya.

Jua la Njombe kwa hakika ni kali, mlimani miale ya urujuanimno huzidi, ila kule baridi inakuvisha. Pwani unavua, na mchanga mweupe na maji vinakurudishia miale kutoka chini. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni kaa kivulini, tembea asubuhi na jioni kama wenyeji. Losheni ya SPF 30 inazuia karibu asilimia 97 ya miale inayounguza, na inapakwa upya kila baada ya saa 2 na kila mtu anapotoka majini. Ngozi nyeusi nayo huungua, huchubuka mabegani na kubaki na mabaka. Kwa mwenye ualbino losheni hii ni dawa kamili, sawa na insulini kwa mwenye kisukari, na isiachwe nyumbani kwa bahati mbaya hata kwa safari ya siku moja. Hospitali ya KCMC kule Moshi hutengeneza losheni ya KiliSun kwa ajili ya watu hawa, na mwenye ualbino anayetibiwa kwenye kliniki ya ngozi aombe ya kutosha safari kabla ya kuondoka.

Pale Paje na Jambiani maji hupwa mbali sana, na watoto hufuata maji wakitembea juu ya matumbawe yaliyojaa wale viumbe weusi wa miba mirefu. Kandambili inachomoka, nunua viatu vya plastiki vinavyofungwa kisiginoni. Mwiba ukiingia, utoe kwa kibano taratibu, uloweke mguu kwenye maji ya moto yasiyounguza, ukiyapima kwa mkono wako mwenyewe kwanza, kwa sababu mwenye maumivu hawezi kupima. Maumivu yakipanda mguu mzima na kuvimba haraka, nenda hospitali.

Anayefika visiwani wakati wa Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia Februari na Machi katikati ya joto, asinywe wala kula hadharani mchana. Watoto, wagonjwa na wajawazito wanywe, ila ndani au faraghani, na chupa ikae ndani ya mkoba.

Na ikitokea joto likamshinda mtu? Kichwa kikiuma, akisikia kichefuchefu na kuishiwa nguvu, mlaze kivulini, mvue, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, mpe ORS. Akianza kusema yasiyoeleweka, akipata degedege au kuzimia, na mwili ukiwa wa moto kupita nyuzi 40, huo ni ugonjwa wa kuua. Endeleeni kummwagia maji na kumpepea ndani ya bajaji mkimpeleka hospitali. Asinyweshwe kitu akiwa hajitambui. Paracetamol haishushi joto la namna hii, msipoteze dakika kuitafuta.

Begi likishafunguliwa nyumbani na nguo kufuliwa, bado safari haijaisha kiafya. Malaria huonyesha dalili siku 7 au zaidi baada ya mbu kuuma, mara nyingi kati ya siku 10 na 15, na wakati huo watoto wameshavaa masweta na shule zimefunguliwa. Mhudumu wa zahanati ya milimani akiona mtoto anachemka na kutetemeka atafikiria kifua, kwa kuwa kwake malaria ni nadra. Mwambie tangu mapokezi kwamba mmetoka Mbagala au Tanga, taja tarehe mliyorudi, na uombe kipimo cha malaria siku hiyohiyo. Ikiwa ipo, dawa ya mseto ni dozi 6 kwa siku 3, zinamezwa na chakula, na zote 6 zimalizike hata kama mtoto ameanza kucheza baada ya mbili. Ikiwa haipo na homa inaendelea, na viungo au macho yanauma kwa nyuma, taja dengue kwa jina lake, na mkumbushe mwandikaji wa cheti asiandike diklofenaki.